Hashia ya Kitabu cha Karanga

Kaltumu alipofunga mzigo wake na kupanda lori la Koboko, mwaka ule wa sabini na nne, mumewe Sulaiti hakuinuka kwenye cherehani. Alikuwa anatia mfuko kwenye suruali ya mteja, akajiambia kwamba mfuko ulioanzwa haukatizwi. Alilisikia lori likinguruma kushika barabara ya kaskazini, akakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, na uzi ukakatika. Akautunga tena. Alidhani kufika Ijumaa mwanamke atakuwa amerudi.

Ijumaa ikapita, ikafuata nyingine, mtama ukavunwa mashambani huko Manibe, na Kaltumu alikuwa bado kwa kaka yake.

Kisa kilikuwa kawa. Wanawake wa Kinubi walisuka makawa ya kufunikia chakula, wakayaita tabaga, na mwanamke alijulikana kwa tabaga lake kama fundi anavyojulikana kwa mshono. Kaltumu alikuwa amesuka moja kwa ajili ya arusi ya binti yao Hadijah, jekundu na jeusi, na katikati duara la kijani kama jicho la paka. Lilitundikwa ukutani nyumbani kwao Awindiri, mjini Arua, likingoja siku yake. Jioni moja akaja ofisa wa jeshi kuchukua kombati aliyopunguziwa kiuno. Akaliona kawa, akalisifu. Wakati ule ofisa akisifu kitu chako, kitu hicho kilikuwa kimeshaanza kuhama. Sulaiti hakungoja kuombwa. Alilitungua mwenyewe, akampa kwa mikono miwili.

Kaltumu akarudi kutoka kwa jirani, akaukuta msumari mtupu.

"Nani alichukua?"

"Mgeni alipenda. Mimi nilimpa."

Kaltumu akaugusa msumari kwa kidole. "Mkono yangu ilifanya, mdomo yako ilitoa," akasema. "Basi ile mdomo ikupikie."

Kesho yake akaondoka.

Kwa watu wao, mume hakumfuata mwenyewe mke aliyerudi kwao. Wazee walitumwa na kitambaa cha kichwa na maneno matamu, wakapokewa, wakakaa, na jambo likasemwa kwa kuzungukazunguka mpaka kila mmoja akapata pa kuinamia bila kuvunjika shingo. Ilikuwa desturi nzuri kwa watu waliojua kuitumia. Sulaiti akamtuma Tahiru, muuza nyama, rafiki yake wa tangu utoto, pamoja na mzee mwingine wa msikitini. Wakaenda Koboko, wakarudi wakiwa wameng'aa mashavu.

"Wewe Sulaiti," Tahiru akasema, "ile nyumba iko na gurusa! Ile mkate laini, ya kuchovya asali!"

"Na mke yangu?"

"Mke yako ndiyo ilipika."

"Alisema nini?"

Tahiru akajikuna kidevu. "Alisema tukaribie tena."

Walikaribia tena. Safari ya pili walichinjiwa kuku. Kaltumu alipokea kitambaa cha pili, akakikunja juu ya kile cha kwanza, akawauliza habari za watoto wao mmoja mmoja kwa majina, kisha akaenda zake jikoni. Kaka yake Farajala alisema tu, "Dada yangu amesikia." Kusikia, kila mtu anajua, si kukubali.

Sulaiti akabaki na cherehani yake na kitabu chake.

Hicho kitabu kinahitaji kuelezwa, kwa sababu watu wa leo hawataamini jinsi kitabu kimoja kilivyoweza kulisha kibaraza kizima. Sulaiti alikuwa mtoto wa askari wa zamani, na skuli ya Wazungu hakuiona. Alisoma chuoni kwa fakihi mmoja wa Awindiri, akajua herufi za Kiarabu, na baadaye, alipokuwa akijifunza ushonaji kambini, akajifunza herufi za Kizungu kwa kusoma maandishi ya magunia na makopo. Kazi yake aliifanya kwenye kibaraza cha duka lililokuwa la Mhindi. Mhindi alifukuzwa mwaka wa sabini na mbili, duka likapewa mtu wa cheo asiyejua hata chumvi hununuliwa wapi, na rafu zikabaki na buibui. Lakini kibaraza kilibaki na watu. Baada ya sala ya alasiri, wazee walikuja kukaa kwenye vigoda na magunia, Tahiru akafika na panga lake likiwa limefungwa kwa karatasi, na Sulaiti akaacha mguu uendelee na kazi huku macho yakisoma. Alisoma kwa sauti, kwa sababu kusoma kimya mbele za watu kulikuwa sawa na kula peke yako. Leo mji umejaa wenye vyeti, na hakuna hata mmoja anayeweza kumsomea mwenzake ukurasa bila kutazama saa. Kibaraza chenyewe hakipo. Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipofika, watu wa kibaraza walitawanyika Sudani na Zaire, na waliorudi walikuta nguzo zimegeuzwa kuni.

Kitabu alikipata kwa mwanamke wa karanga, mwaka mmoja kabla ya Kaltumu kuondoka. Wakimbizi Wasudani walikuwa wanarudi kwao, amani imepatikana, na vitu vyao vilisambaa sokoni: vyungu, magodoro, misalaba, masufuria. Mwanamke wa karanga alipata kitabu, akawa anachana kurasa na kusokota vifuko. Sulaiti alinunua karanga, akamwaga karanga kiganjani, akasoma kifuko. Akarudi mbio.

"Mama, usichane tena!"

"Na karanga yangu nitafunga na nini? Na ulimi yako?"

Akamshonea begi la kitambaa la kuwekea karanga zake, na kitabu kikawa chake. Jalada lilikuwa limeshaliwa na karanga, na kurasa za mwanzo pia, hata jina la kitabu na la mwandishi yakawa yamepotea. Kilikuwa kitabu cha mashauri ya nyumbani: maji, kuku, watoto, bustani, mume na mke. Na pembeni mwa kila ukurasa, kwa kalamu ya rangi ya zambarau, palikuwa na maandishi ya mkono.

Mtu mwingine angesema mwenye kitabu wa kwanza alikichafua. Lakini Sulaiti alifundishwa na fakihi. Vitabu vya fakihi vilikuwa na maneno ya asili katikati, kwa herufi nene, na kuyazunguka pande zote, kama nyuki kwenye mzinga, palikuwa na maneno madogo ya wanachuoni waliokuja baadaye, wakifafanua, wakisahihisha, wakibishana. Hiyo ndiyo hashia. Fakihi alikuwa akigonga pembeni mwa ukurasa kwa ukucha na kusema: "Katikati ni mfupa. Nyama iko hapa." Kwa hiyo Sulaiti alipoiona zambarau ile, hakuwa na shaka. Mwanachuoni mkubwa amekishughulikia kitabu hiki. Na kwa kuwa mwanachuoni huyo aliandika "mutu" mahali pa "mtu", wakakubaliana kibarazani kwamba ni sheikh wa upande wa Kongo.

"Wakongo iko na elimu," Tahiru alisema kwa uhakika wote wa mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka ila kununua ng'ombe.

Basi ikawa kawaida. Sulaiti alisoma katikati kwa sauti ya kawaida, kisha akainua kidole, watu wakanyamaza, akasoma hashia kwa sauti ya msikitini. Kitabu kilisema kuku wafungiwe wasipate maradhi. Hashia ilisema: "Mutu aliyeandika hii hakufuga kuku. Yangu nilifunga, zote zilikufa pamoja." Kibaraza kikatikisa vichwa. Kitabu kilisema maji ya kunywa yachemshwe asubuhi na jioni. Hashia: "Kuni nani ataleta? Mwanamke yangu alichoka." Wazee wakaguna, na mmoja akasema huyo sheikh ana huruma. Kitabu kilisema mume mwema hurudi nyumbani kabla jua halijatua. Hashia: "Na kama nyumbani hakuna mutu?" Hapo hakuna aliyeguna.

Palikuwa na moja iliyowasumbua. Kitabu kilisifu ndizi kwa afya ya watoto, na hashia ikasema: "Ndizi ni bora zaidi ikikaa ndani ya pipa mpaka inalia yenyewe."

"Inalia?" wazee waliuliza.

"Ni fumbo," Tahiru akaamua. "Pipa ni moyo. Anasema juu ya subira."

Na kila mara, akimaliza, Sulaiti alisema, "Mungu amrehemu," na wengine wakaitikia amina.

Sasa Kaltumu alikuwa Koboko, wazee wameshakula kuku, na Sulaiti alikuwa amezoea kujipikia ugali wenye madonge. Alasiri moja alifungua mlango wa kitabu unaohusu ugomvi wa nyumbani. Aliwahi kuuruka, kwa sababu wakati ule haukumhusu. Akasoma: "Mke akiondoka kwa hasira, mume asimkimbilie. Hasira ya mwanamke ni moto wa nyasi, huzimika wenyewe."

"Kweli kabisa," alisema Tahiru.

Sulaiti akainua kidole. Akaisoma hashia kwanza kwa macho, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja, na mguu wake ukaacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza.

"Soma basi!"

Akasoma. "Nilingoja. Nyasi ikaota tena. Hakuja. Wewe usingoje."

Hakuna aliyesema fumbo. Baadaye Tahiru akakohoa. "Hata hivyo, Sulaiti, mume kujifuatia mke mwenyewe? Watu watasema umekatwa mishipa."

"Sheikh amesema."

"Sheikh iko Kongo! Sisi ndiyo tuko hapa na midomo ya watu!"

"Ninyi mlikwenda mara mbili," Sulaiti akasema, akifunika cherehani kwa turubai. "Mlileta nini zaidi ya matumbo?"

Alisafiri kesho yake, juu ya magunia ya muhogo mkavu, kanzu yake nyeupe ikiwa imefungwa kiunoni isishike vumbi, na kitabu kikiwa kimeviringishwa katika kipande cha kitambaa cha suti. Njia nzima alikuwa akikariri ile hashia kama mtu anayepelekwa mbele ya kadhi na shahidi mmoja tu.

Koboko ilikuwa siku ya soko. Watu wa mipaka mitatu walikuwa wamesukumana na bidhaa zao, na kila mmoja alizungumza lugha ya mwenzake vibaya bila kuona haya. Miguu ya Sulaiti ilianza kuwa mizito kadiri nyumba ya Farajala ilivyokaribia. Akakaa kwenye kivuli cha banda la mwanamke mmoja muuza tumbaku na simsim, mnene, mwenye rozari shingoni, akafungua kitabu ajitie moyo. Mwanamke akainama kutazama.

"Ai! Hiyo ni mkono ya Constantino!"

Sulaiti akainua kichwa. "Mama, unajua kusoma?"

"Kusoma sijui. Rangi najua. Alikuwa anaramba ile kalamu, ulimi yake inakuwa kama ya mbuzi amekula zambarau. Mimi naitwa Natalina. Tulitoka naye Sudani, tukakaa kwanza Kongo, tukaingia hapa. Miaka mingi alikaa nyuma ya nyumba yangu."

"Sheikh alikaa nyuma ya nyumba yako?"

"Sheikh nani?"

"Huyu. Mwanachuoni."

Natalina akaweka kibaba chake chini ili apate nafasi ya kucheka vizuri. Akawaita wenzake wa banda la pili waje wamwone mutu anayemwita Constantino sheikh. "Baba, Constantino alikuwa anapika waragi! Hapo nyuma! Ndizi yake ilikuwa inalia ndani ya pipa usiku, mimi silali!"

Sulaiti akahisi masikio yakimwaka. Aliona vidole vyake vyote alivyoviinua, wazee wote aliowanyamazisha, amina zote. Alikuwa amemwombea rehema mpika pombe, tena Mkristo, kila siku baada ya alasiri, mbele za watu. Na sasa alikuwa amekuja Koboko, mume mzima, kwa fatwa ya pipa. Ng'ambo ya soko utingo alikuwa anapiga ubavu wa lori na kuita, "Arua! Arua! Moja tu, moja!" Sulaiti akakiviringisha kitabu, akasimama.

Lakini hakuweza kuondoka bila kuuliza. "Na mke wake?"

Kicheko kikamwisha Natalina polepole. "Celestina. Aligombana naye, akaenda kwa mama yake, hapo tu, asubuhi ukitoka, jua halijakuwa kali umefika. Constantino alikaa mlangoni na hii kitabu. Mimi nilimwambia, 'Wewe, enda!' Anasema kitabu imesema angoje. Na Celestina kule naye anangoja. Kila soko alikuwa ananiuliza, 'Natalina, ule mutu iko njiani?' Namwambia hapana. Kisha mutu mwingine akaja na mbuzi." Akachukua tena kibaba chake. "Basi ndiyo akaanza kuandikaandika. Siku ya kurudi Sudani alitupa kitabu. Alisema hiyo ndiyo iliua nyumba yake."

Utingo akaita tena. Sulaiti akalitazama lori, akaifunga kanzu yake vizuri, akashika njia ya kwa Farajala.

Farajala alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyevuta tasbihi hata akizungumza habari za ng'ombe. Alipomwona shemeji yake akiingia peke yake uani, tasbihi ikasimama.

"Salaam aleikum. Iko nini? Wazee wako wamekufa?"

"Aleikum salaam, shemeji. Wako hai. Wameshiba."

Nyuma ya ua wa matete, palipokuwa na jiko, sauti ya chekecheke ikakoma.

Akaletewa kigoda. Akaulizwa habari za njia, za mvua, za Arua, akajibu zote, maana hata aliyevunja desturi moja hana ruhusa ya kuvunja zote. Mwishowe Farajala akasema, "Sulaiti, baba yako alikuwa mtu ya adabu. Nani amekuonyesha hii njia ya kujileta mwenyewe?"

Hapo jibu lilikuwa tayari mdomoni. Angesema ni sheikh, na Farajala angeinamisha kichwa, kwa kuwa aliwaheshimu masheikh kupita kiasi. Aliutazama ule ua wa matete. Akaona chini yake, kwenye uwazi, pindo la gurbaba ya Kaltumu, nguo yake ya kujifunga, ile ya maua ya njano aliyoishona yeye mwenyewe, na miguu imesimama.

"Mlevi moja," akasema. "Msudani. Alikuwa anapika waragi hapa hapa Koboko."

"Astaghfirullah!"

"Ameandika ndani ya kitabu. Mimi nilifikiri ni sheikh. Leo ndiyo nimejua."

"Na umejua, na bado umekuja?"

"Nimejua, nimekuja."

Farajala akafungua mdomo atoe hukumu, lakini sauti ikatoka nyuma ya matete.

"Kaka, ngoja. Asome."

Sulaiti akafungua kitabu. Alisoma katikati, moto wa nyasi na yote. Kisha, bila kuinua kidole na bila sauti ya msikitini, akasoma ya pembeni kama mtu anayesema maneno yake mwenyewe. Kuku mmoja akapita uani. Hakuna aliyemfukuza.

"Na yeye, mke yake alirudi?" Kaltumu akauliza.

"Hapana. Alingoja yeye pia. Kisha akaolewa."

"Unaona."

"Nimeona."

"Na tabaga?"

Sulaiti akashusha pumzi. "Kaltumu, ile siwezi kuomba tena. Unajua ule mtu ni nani."

"Najua. Mimi si mtoto. Hata mimi ningempa." Akatoka nyuma ya ua, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko, amekonda kidogo, au labda ni macho ya mtu aliyekula madonge muda mrefu. "Lakini ningempa mimi, na mkono yangu. Wewe hukuniuliza. Halafu unaleta Tahiru! Tahiru anakuja kuuliza mimi niko namna gani, na macho yake iko kwenye sufuria!"

Farajala alikohoa kwenye tasbihi yake. Ingawa alikuwa mtu wa dini, kikohozi kile kilikuwa na cheko ndani.

"Basi leo nauliza," Sulaiti akasema.

"Unauliza nini?"

Alitazama huku na huku. Watoto wa Farajala walikuwa wamekusanyika mlangoni. Jirani mmoja alikuwa amepata ghafla kazi ya kurekebisha ua wake. Kwa mwanamume wa wakati ule na wa damu ile, kuuliza swali kama hilo mbele za watu kulikuwa sawa na kuvua kanzu barabarani. Akaliuliza.

"Kama utarudi na mimi."

Kaltumu akapangusa unga, mkono mmoja kwa mwingine, bila haraka. "Leo lori imeenda. Lala hapa. Mimi nitafikiri."

Akalala chumba cha wageni, kwenye mkeka wa Tahiru, kama walivyomwambia watoto wakicheka. Alfajiri aliposwali na kutoka uani hakumkuta Kaltumu. Jiko lilikuwa limefagiwa. Akamuuliza Farajala, na Farajala akaelekeza tasbihi upande wa soko. Sulaiti akaenda kwa mwendo ambao hakuwa ameutumia tangu ujana wake.

Lori la Arua lilikuwa limeshajaa. Kaltumu alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva, mahali pa wakubwa, mzigo wake mapajani na vitambaa viwili vya wazee kichwani, kimoja juu ya kingine. Hakugeuza shingo. Sulaiti akapanda nyuma, akapata pa kukaa kati ya madumu ya mafuta na mbuzi waliofungwa.

Walipokwisha kutoka mjini, dereva akamtazama kwenye kioo yule mzee wa kanzu anayerushwarushwa huko nyuma, kitabu kifuani.

"Mama, ule mzee pale juu ni bwana yako?"

"Ndiyo anauliza," Kaltumu akasema. "Enda polepole, mashimo iko mingi."